Mwano Niliofundishwa Njiani

Nilipima malaria kesho yake asubuhi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali ambalo hata mimi ningekuuliza. Hakukuwa na malaria. Sikuwa nimekunywa, sinywi. Nilikuwa nimekula vizuri mchana na usiku uliotangulia nililala. Ukimaliza kusoma useme askari huyu anatunga, sawa, haki yako. Lakini yamenipata mimi, si rafiki wa rafiki yangu, na mpaka leo sijapata pa kuyaweka.

Mimi ni askari polisi. Nina shahada ya sosholojia, na kabla sijavaa nyota yangu moja begani nilikuwa yule mwanafunzi anayemchosha mhadhiri. Kwetu Njombe mama hupenda kusema kwamba nilibisha hata siku ya kubatizwa. Nilipopangiwa kuwa polisi kata, nje kidogo ya mji wa Bariadi, wenzangu walinitania kwamba kwa Wasukuma ningenyooshwa. Niliwacheka. Habari za wachawi kupanda fisi na marehemu kulimishwa mashamba usiku nilikuwa nimeziandikia insha chuoni, na insha yenyewe ilinipa alama nzuri.

Kazi ya polisi kata haina mbio nyingi kama watu wanavyodhani. Unazunguka vijijini, unakaa kwenye mikutano, unaongea na wanafunzi, unajua nani na nani wamegombania mpaka wa shamba kabla hawajashikiana panga. Na huku hufanyi kazi peke yako. Wapo sungusungu, walinzi wa jadi, na upo mwano. Mtu akiibiwa ng'ombe hanipigii mimi simu kwanza. Anapiga mwano, yowe refu linalopanda halafu linakatika ghafla, na kila anayelisikia lazima alipokee, alipige tena ili wa mbele asikie, kisha achukue fimbo akimbilie lilikotoka. Mwanamume akibaki ndani, anatozwa faini. Akikataa kulipa anatengwa, hata kaa la moto haombi kwa jirani. Na anayepiga mwano wa uongo anatoa ng'ombe mzima.

Niliupenda utaratibu ule. Nilimwambia mkuu wangu kwamba polisi jamii hawa watu waliianza kabla yetu. Sikujua kwamba una tundu, na tundu lenyewe ni pana kiasi cha kupitisha jeneza.

Unazijua habari za vikongwe wa kanda hii. Macho mekundu, basi ni mchawi. Mtu amepika maisha yake yote kwa samadi kavu na miti ya pamba, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, macho yake yasiwe mekundu kwa nini? Swali jepesi hivyo, na kuna watu wamekufa kwa kukosa mtu wa kuliuliza. Nikasema mimi nitaliuliza. Nikatengeneza fomu nzuri kwenye kompyuta: jina, umri, anaishi na nani, kiwango cha tishio. Nikaitisha mkutano katika kijiji kimoja, sitakitaja, nikawaandika wazee waliojiona hawako salama. Wakawa saba.

Wa saba alikuwa Ng'wana Masanja, yaani binti wa Masanja, maana wanawake wazima huku huitwa kwa jina la baba. Alikuwa mjane, mdogo wa mwili, na alikaa mbele kabisa juu ya gunia. Nilipomuuliza kwa nini anataka kuandikwa, alinijibu kwa sauti ya chini, akiniita nyanda, yaani kijana, "Nyanda, tangu Maduhu afariki, watu hawaniombi chumvi." Maduhu alikuwa mtoto wa mke mwenzake. Mama yao alifariki mapema, akawaacha Maduhu na mdogo wake Shija, na Ng'wana Masanja akawalea wote wawili kama wa tumbo lake. Maduhu alikuwa ameanguka ghafla shambani siku kumi na nane kabla ya mkutano wangu, akakata roho kabla hajafika zahanati, wakamzika bila kupimwa. Niliandika kwenye fomu: tishio la wastani.

Kisha nikafanya jambo ambalo mtu wa pale, hata mjinga, asingelifanya. Nikasimama nikasoma majina yote saba kwa kipaza sauti. Nilitaka kijiji kizima kijue kwamba hawa wako chini ya ulinzi wa serikali. Watu walikaa kimya wakisikiliza. Nikauchukua ule ukimya kuwa heshima.

Siku mbili baadaye nilikuwa mjini Bariadi, nakunywa chai karibu na kijiwe cha bodaboda. Kijana mmoja anayepeleka abiria kijiji kile akanisogelea akicheka.

"Afande, mmefanya kazi. Wachawi saba kwa mpigo. Sasa mnakuja kuwachukua lini?"

Nikamuuliza nani kasema ni wachawi.

"Si mmewaandika? Serikali haiwezi kumwandika mtu bure." Akawasha pikipiki, halafu akaongeza, kama mtu anayetoa bei ya nauli, "Ila yule wa mwisho mfanye haraka, hamtamkuta."

Nilimshika mkono. Akasema alikuwa anatania, akakataa kuongeza neno. Nikampigia mtendaji wa kijiji, simu haipatikani. Nikapiga kituoni, gari lilikuwa limetoka na mahabusu, nikaambiwa nisubiri. Ungesubiri? Jina lile nililisoma mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Nikapanda pikipiki ya kazi nikaondoka na chai yangu nimeiacha.

Ilikuwa majira ya kunyunyizia pamba, imeanza kutoa maua, na mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Kama hujui udongo wa mbuga, ule mweusi, ukiloa unajaa kwenye tairi mpaka halizunguki. Kilometa moja hivi kabla ya kijiji pikipiki ikagoma. Saa moja jioni ilikuwa inakaribia, mwanga ungalipo, ule wa kuona mtu lakini huoni macho yake. Nikachukua kijiti nikaanza kukwangua tope. Nilikuwa najitukana mwenyewe kwa hasira.

Kilichonifikia kwanza ni harufu. Dawa ya pamba, kali, ile inayoshika nyuma ya koo. Nikainua kichwa. Mwanamume alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, hatua tano kutoka kwangu, na bomba la kunyunyizia dawa mgongoni.

Nikamsalimia, "Mwadila." Hakuitikia. Labda hilo kwako si kitu. Huku mtu anayekushtaki mahakamani anakusalimia kwanza.

"Afande, umechelewa," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo, kama mtu aliyemeza kitu kikamchubua. Nikamuuliza ni nani, anatoka wapi. Alisema tu, "Wameshafika kwa mama. Piga mwano."

Niamini, nilibishana naye. Ndivyo nilivyo. Nikamwambia mimi ni polisi, natumia simu, mwano si kazi yangu. Nikamuuliza kama hatari ipo kwa nini asipige yeye.

"Nimepiga tangu jua liko juu. Hawanisikii."

"Mbona hata mimi sijasikia?"

Hapo akafungua kinywa. Mishipa ya shingo ikasimama, kifua kikapanda, mkono wake ukainuka taratibu kunionyesha sauti inavyopaswa kupanda, kisha ukashuka ghafla inapokatika. Hakuna kilichotoka. Hata pumzi sikuisikia. Kichwani nilijiambia, huyu ameungua koo na dawa, ana bahati mbaya, basi.

"Sema ng'ombe," akaniambia. "Ukisema mtu, hawatatoka."

Na hilo ndilo tundu. Kelele za mwanamke anayesemwa kuwa mchawi hazihesabiwi kuwa mwano. Watu husikia, na hukubaliana kwamba hawakusikia. Chuoni sikufundishwa hilo, na wazee wa kijiji hawakuwa wameniambia. Nilielezwa na mtu mwenye bomba.

Nikapiga. Mara ya kwanza sauti ilikatika katikati, nikaona aibu. Mara ya pili niliitoa tumboni, nikaita ng'ombe, ng'ombe, nikaipandisha kama mkono wake ulivyopanda. Kimya. Halafu ng'ambo ya shamba mtu akaipokea. Kisha mwingine, mbali zaidi, upande wa kisima. Kisha ikawa kila mahali.

Niligeuka kumwangalia. Alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea kijijini, na dawa ilikuwa inapigapiga ndani ya bomba. Alisema bila kugeuka, "Mwambie Shija, kwa ile chupa sina kinyongo." Nikamfuata. Nilisikia ile dawa ikipigapiga mbele yangu kwa muda, sijui ni dakika ngapi. Halafu nikawa nasikia viatu vyangu tu.

Nilipofika kwenye boma la Ng'wana Masanja, watu walikuwa wanamiminika kutoka pande zote, fimbo na tochi mkononi, wakiuliza ng'ombe zimeelekea wapi. Na katikati ya ua walisimama wanaume wawili wasio wa kijiji kile, na mapanga, wameduwaa. Walikuwa wameandaliwa kwa kijiji kitakachojifungia ndani, si kwa wanaume themanini. Mmoja alitoroka. Mwingine alitupa panga akakaa chini mwenyewe.

Ng'wana Masanja alikuwa kwenye mlango wa kibanda cha kupikia. Mkono wa kushoto ulikuwa umekatwa juu ya kiwiko, damu inachuruzika mpaka vidoleni, na wa kulia ulikuwa bado umeshika mchi wa kutwangia. Alikuwa hai. Nilivua shati la sare nikamfunga jeraha, na huku namfunga akaniambia kwamba alipiga kelele mara mbili. Nyumba ya karibu iko umbali wa mtu kurusha jiwe, na mlango wake ulifungwa baada ya kelele za kwanza. Alisikia komeo likiingia.

Unafikiri walinishukuru? Kamanda wa sungusungu, mzee mmoja aitwaye Luhende, alinisogelea na tochi akanimulika usoni.

"Nyanda, ng'ombe ziko wapi?"

Nikasema hakuna ng'ombe.

"Unajua mwano wa uongo unalipiwa nini?"

Nikasema nitalipa. Akauliza ni nani aliyeniambia nipige, maana mgeni hawezi kupata wazo hilo mwenyewe. Nikamweleza. Mtu mrefu, sauti ya mkwaruzo, buti za mvua za kijani, moja imekatwa juu kidogo ya kifundo, bomba la bluu ambalo mkanda wake mmoja umeungwa kwa mkanda wa begi la shule. Nilieleza kwa utulivu, kama ninavyoelezea mtuhumiwa. Na kadiri nilivyoeleza, tochi zilikuwa zinashuka moja moja, zikimulika chini.

Ng'wana Masanja ndiye aliyesema, nyuma yangu. "Huyo ni Maduhu."

Hakulia wala hakushangaa. Alisema kama mtu anayetambua sauti mlangoni.

Na mimi, kwa sababu kichwa changu kilikuwa hakijakubali kufanya hesabu ile, nikauliza tu, "Shija ni nani hapa? Nimepewa ujumbe wake." Kijana mmoja alisukumwa mbele. Alikuwa na fimbo kama wengine, alikuwa amekimbia na wengine, maana mwano ukilia huwezi kubaki ndani. Nikampa ujumbe wake kama ulivyo. Kwa ile chupa, hana kinyongo.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejua chupa gani. Lakini Shija alikaa kwenye tope, akashika kichwa.

"Niliiweka kivulini," akasema. "Nilikuwa nakuja kumwambia."

Alisema mwenyewe, bila kuguswa. Dawa ilibaki kidogo baada ya kupima, akaimimina kwenye chupa tupu ya soda, akaiweka chini ya kichaka palipokuwa na maji yao ya kunywa. Wakulima wengi wa pamba hufanya hivyo, usiniambie hujawahi kuona. Maduhu akatoka juani na kiu, akashika chupa isiyo yake. Shija alipofika alimkuta anajikunja. Akaitupa chupa chooni, akasema kaka yake ameanguka tu. Na watu walipoanza kuuliza ni nani kamfanyia, na mganga aliposema ni mtu wa ndani ya boma lao, Shija akanyamaza, akaacha maneno yatembee yenyewe mpaka kwa mama aliyemlea. Wale wawili wenye mapanga aliwaita yeye, ili mama akizikwa maswali yazikwe naye. Nilimwandika maelezo usiku uleule kwa mkono wangu, na kuna sentensi moja niliiandika kalamu ikiniteleza. Alisema alikuwa akisita, mpaka aliposikia serikali imeshamwandika mama yake.

Basi, hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa niambie wewe.

Najua utakachosema kwa sababu nimeshakisema. Kuna mtu aliyeona chupa ile, akaogopa kujitaja, akavaa kama marehemu. Nimemtafuta. Kwa miezi mitatu nimezunguka kata nzima, nimekagua kila bomba la bluu kwa kisingizio cha kuelimisha juu ya dawa za shambani. Bomba la Maduhu lilikuwa limening'inia ndani kwa Ng'wana Masanja, halijashushwa tangu msiba, mkanda umeungwa kama nilivyoeleza, na halikuwa na tone. Nyayo usiniulize, mvua ilinyesha usiku ule. Shati langu walilifua hospitalini, nami nikalifua mara tatu. Damu ilitoka. Harufu ya dawa ilibaki, mpaka mkuu wangu akaniuliza kama nimeanza kilimo.

Sikulipa ng'ombe. Mzee Luhende alisema mwano ule haukuwa wangu, na mwenye nao hawezi kutozwa.

Kwenye taarifa ya tukio kuna mahali pa kuandika mtoa habari. Niliandika raia mwema, ndivyo tunavyoandika. Mahakamani wakili wa utetezi alinibana: raia gani? Nikiwa nimeapa, nikajibu kwamba sheria hainilazimishi kumtaja. Hakimu akakubali. Shija alifungwa pamoja na yule aliyekamatwa. Wa pili hajapatikana.

Ng'wana Masanja sasa anaishi kwa bintiye, upande wa Mwanhuzi. Nilikwenda kumwona na kilo mbili za sukari. Mkono umepona, ila vidole viwili havikunjiki. Akaniuliza jambo moja tu kuhusu jioni ile. "Koo lilikuwa bado linamuuma?"

Mimi ninayedai ushahidi kwa kila kitu nilimwambia hapana, mayu, mama yangu, alikuwa anaongea vizuri kabisa. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akataka kujua kama gerezani wanaruhusu kupeleka uji.

Silali kama zamani. Simu ikiita jioni, mtu asitaje jina, naondoka hapohapo, siulizi. Nimedanganywa mara mbili, wenzangu wamecheka, na ya tatu nitakwenda vilevile. Kuhusu ile barabara, sina hofu nayo. Naipita hata giza likiwa limeingia, na mara nyingine, nikwambie ukweli, nazima pikipiki pale nisikilize. Kinachonikosesha usingizi ni ile nyumba ya karibu. Mwenye nayo namfahamu. Huwa ananiita afande wetu, ananinunulia soda, anauliza habari za mama yangu Njombe, na mimi nakunywa huku nikiliangalia komeo la mlango wake.

Kwa hiyo nakuonya, na sikuonyi kuhusu mizimu, maana sijui kama ipo. Majina ya wanyonge usiyasome hadharani ukidhani unawalinda. Na kama jirani yako ni bibi ambaye watu wameacha kumwomba chumvi, siku akipiga kelele, fungua mlango utoke, upige yowe lako. Usingoje marehemu aje kukufanyia kazi yako.